KUGEUKA KWA SAFU: HISABATI YA KIBLA KUTOKA KATESH NA MBULU



Shukrani zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumbani kwake, masahaba wake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa hisabati. Mchana nafundisha shule ya sekondari, na baada ya Magharibi nakaa na vijana wetu wa madrasa kuwasaidia masomo ya shule. Kwa miaka mingi nimeona mada moja ikiwatoa jasho wanafunzi wa kidato cha pili kuliko nyingine, nayo ni ile ya kugeuza maumbo kwenye karatasi ya grafu: kuakisi, kuzungusha na kuhamisha. Ukiivuka kidato cha pili, unaikuta tena kidato cha nne, safari hii imevaa nguo za matriki.

Shida yenyewe mara nyingi si hesabu. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anajua kukunja karatasi katikati na kuona pande mbili zinalingana. Anajua majira ya nukta. Akifika sekondari, maneno yote yanabadilika kuwa ya Kiingereza, na jambo alilokuwa akilijua kwa mikono yake linakuwa geni. Hapo ndipo wengine wanapokata tamaa. Mwaka 2022 mama mmoja alikuja kwangu na binti yake wa kidato cha pili. Binti alikuwa amehifadhi juzuu kadhaa, lakini hesabu zilikuwa zimemwelemea. Mama akaniambia wazi: "Mwalimu, huyu ana Qur'ani moyoni. Hizi hesabu za kugeuza pembetatu zitamsaidia nini? Bora akae nyumbani anisaidie dukani." Sikubishana naye. Nilimwomba aniachie binti mpaka mwisho wa Mei.

Nilianza naye Madina.

Kila mtoto wa madrasa anajua kwamba Waislamu mwanzoni walisali kuelekea Baitul Muqaddas, na kwamba baada ya Hijra, ilipopita miezi kumi na sita au kumi na saba, ikateremka amri ya kuelekea Masjidul Haram, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 144. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba watu wa Quba walikuwa katika sala ya Alfajiri, nyuso zao zikielekea Sham, akaja mtu akawapa habari, nao wakageuka wakaelekea Al-Kaaba hapo hapo walipokuwa.

Sasa chukua ramani. Kutoka Madina, Baitul Muqaddas iko kaskazini ikiegemea magharibi, kama nyuzi 27 kutoka kaskazini halisi. Makka iko kusini, ikiegemea mashariki kidogo, kama nyuzi 4. Pembe kati ya pande hizo mbili ni kama nyuzi 157, karibu kabisa na nusu duara. Yaani safu ya watu waliokuwa wakitazama upande mmoja iligeuka karibu kutazama nyuma yake.

Nikamuuliza binti: je, huko ni kuakisi au ni kuzungusha? Akasema ni kuakisi, kwa kuwa watu walikuwa juu wakawa chini. Wengi hujibu hivyo. Basi tukachora. Chora mhimili wa x na mhimili wa y, uchukulie kwamba juu ya karatasi ni kaskazini. Imamu muweke kwenye nukta (0, 3), anatazama juu. Nyuma yake kuna safu, na ndani ya safu hiyo kuna kijana amesimama kwenye nukta (2, 2). Kijana huyu yuko upande wa kulia wa imamu. Kumbuka hilo.

Tukiakisi kwenye mhimili wa x, kila nukta (x, y) inakuwa (x, -y). Imamu anafika (0, -3) akitazama chini, na kijana anafika (2, -2). Sasa simama wewe mwenyewe, utazame kusini, unyooshe mkono wa kulia. Unaelekea magharibi, sivyo? Kwenye karatasi magharibi ni kushoto, upande wa namba hasi. Lakini kijana wetu yuko kwenye 2 chanya. Amekuwa kushoto kwa imamu. Kuakisi kumebadilisha kulia kuwa kushoto, kama kioo kinavyofanya unapofunga kilemba.

Tukizungusha nyuzi 180 kwenye kitovu (0, 0), kila nukta (x, y) inakuwa (-x, -y). Imamu yuko (0, -3) akitazama chini, kijana yuko (-2, -2), na bado yuko kulia kwa imamu. Aliyekuwa kulia amebaki kulia, aliyekuwa safu ya kwanza amebaki safu ya kwanza. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mtihani wa kidato cha pili unaitafuta, na kitabu hueleza kwa kurasa nne.

Kuna jambo la tatu ambalo vitabu havilisemi vizuri, na mimi naliona ndilo lenye utamu zaidi. Kila mtu akigeuka pale pale aliposimama, bila kuondoka, basi safu ya nyuma inakuwa ya mbele na imamu anajikuta nyuma ya watu wote. Kila mmoja amezunguka kwenye kitovu chake mwenyewe, si wote kwenye kitovu kimoja. Ndiyo maana imamu hana budi kutembea kwenda upande wa pili ili awe mbele. Ukiambiwa "zungusha umbo", swali la kwanza la kuuliza ni: kitovu kiko wapi? Asiyeuliza hilo atapata pembe sahihi na mahali pasipo sahihi.

Tukiwa hapo hapo, vijana huniuliza kwa nini vitabu vinahesabu mzunguko wa kinyume cha saa kuwa ndio chanya. Huo ni utaratibu tu wa wanahisabati. Lakini mwanafunzi wa Kiislamu hana haja ya kuukariri, kwa kuwa ndio mwelekeo wa tawafu: Al-Kaaba iko mkono wa kushoto, unakwenda kinyume cha saa, mara saba. Nyuzi 360 mara 7 ni nyuzi 2,520, zote chanya.

Na alama ile ya nyota katika msahafu, inayoonyesha robo ya hizbu, ichoreni. Weka mraba wenye pembe kwenye (5, 5), (-5, 5), (-5, -5) na (5, -5). Uzungushe nyuzi 45 kwenye kitovu. Pembe zake zitaangukia karibu na (7, 0), (0, 7), (-7, 0) na (0, -7). Miraba miwili juu ya kitovu kimoja inakupa nyota ya ncha nane, yenye mistari minane ya ulinganifu. Mafundi wa Kiislamu walijaza kuta za misikiti na majumba kwa michoro ya namna hii, na wanahisabati hawakuona haya kukaa nao. Abul Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa mwaka 940, aliandika kitabu kizima cha jometri kwa ajili ya mafundi. Huku kwetu, tazama kofia iliyotiwa nakshi kwa sindano, uone ua lile lile linavyorudiwa kuzunguka kichwa, au sketi za ngozi na shanga za akina mama wa Kiiraqw. Aliyezishona hakuwa na karatasi ya grafu.

Turudi kwenye kibla, maana hapo ndipo jambo lilipotugusa.

Misikiti yetu mingi ya Mbulu na Hanang ni midogo, na imejengwa na waumini wenyewe kwa michango. Kuna msikiti mmoja wa kijijini, upande wa Hanang, sitautaja jina, ambao ulijengwa ukielekea kaskazini sawasawa. Wazee walijua kwamba Makka iko kaskazini kwetu, wakapima kwa dira, wakajenga. Miaka ikapita watu wakisali kwa amani. Kisha zikaja simu zenye dira ndani yake. Kijana mmoja akasema kibla kiko kulia zaidi. Mwingine akaweka simu yake sakafuni, ikasema kulia zaidi tena, karibu nyuzi 20. Simu ya tatu ikasema vingine. Haikuwa ajabu, kwa sababu dira ya simu inavurugwa na chuma, na pale kulikuwa na nondo, mabati na spika. Lakini maneno yalishatoka. Vijana wakaanza kusimama mshazari nyuma ya wazee waliosimama wima. Baadaye vijana wakaanza kusali jamaa yao barazani baada ya jamaa ya wazee. Msikiti mmoja, watu hawafiki arobaini, jamaa mbili. Ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa hawasalimiani.

Sheikh wetu alipoulizwa alisema sala zilizopita hazina tatizo, kwa kuwa walijitahidi kwa kadiri ya uwezo wao, na wanazuoni wengi wanaona kuwa aliye mbali inamtosha kuelekea upande ilipo Al-Kaaba. Hata hivyo akasema kama kuna njia ya kujua kwa uhakika, na itujulishe sote pamoja, ili fitina ife. Akaniambia: "Mwalimu, hii ni kazi yako."

Nikamrudia binti yule. Nikampa majira ya nukta mbili. Katesh iko kama nyuzi 35.4 Mashariki na nyuzi 4.5 Kusini. Makka iko nyuzi 39.8 Mashariki na nyuzi 21.4 Kaskazini. Angalieni hapa, vijana: atlasi hutangulia kutaja latitudo, lakini grafu inataka x kwanza, na x ni longitudo. Kwa hiyo Katesh ni (35.4, -4.5) na Makka ni (39.8, 21.4). Kusini mwa ikweta ni hasi, kwa kuwa ikweta ndiyo mhimili wetu wa x. Ukiiakisi Katesh kwenye ikweta unapata (35.4, 4.5), na hapo ni Turkana, Kenya, kaskazini ya Lodwar. Mbulu mjini, (35.5, -3.9), nayo inaangukia huko huko Turkana. Vijana hupenda sana kujua kwamba taswira ya mashamba yao ya ngano na vitunguu ni nchi ya ngamia.

Kutoka Katesh hadi Makka tunahama 4.4 kwenda mashariki na 25.9 kwenda kaskazini. Gawanya 4.4 kwa 25.9, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo: nyuzi 9.6 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Binti alilipata jibu hilo kwa chaki barazani kwa msikiti, mama yake akiwa amekaa pembeni na wanawake wenzake.

Mtu atasema dunia ni tufe, karatasi ni bapa. Ni kweli. Ukifanya hesabu ya tufe, ile ya kina al-Biruni, ambaye mwaka 1025 alimaliza kitabu chake kikubwa kilichotafuta kibla cha mji wa Ghazna, unapata kutoka Katesh nyuzi 9.4. Tofauti haifiki hata nusu ya nyuzi. Sisi tuna bahati kwa sababu mbili: tuko karibu na ikweta, na Makka iko karibu kaskazini yetu moja kwa moja. Anayesali New York hawezi kutumia karatasi bapa. Ramani ya ukutani itampeleka kusini mashariki, na ilhali njia fupi juu ya tufe inaanzia kaskazini mashariki.

Lakini hesabu ya chaki isingewatuliza wazee, na wala sikuitegemea. Allah (S.W.) amelijaalia jua kupita juu kabisa ya Al-Kaaba mara mbili kila mwaka, karibu na tarehe 28 Mei na tarehe 16 Julai. Dakika hiyo, mtu yeyote anayeliona jua, popote alipo, akilielekea ameielekea Al-Kaaba. Saa za Saudia na za Tanzania ni moja, hivyo hatuna cha kubadilisha: tarehe 28 Mei ni saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai ni saa 6 na dakika 27.

Mwaka 2022 tarehe 28 Mei ilikuwa Jumamosi. Tulikusanyika uwanjani kwa msikiti, wazee kwa vijana. Fundi mwashi alisimamisha mti wa mita moja, akaunyoosha kwa timazi. Saa tulizilinganisha na redio, kwa sababu kwetu siku hiyo kivuli kinasogea karibu nusu ya nyuzi kwa kila dakika, na ukichelewa dakika tano umeshaharibu kazi. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika mawingu, na saa sita na dakika kumi wingu likapita juu yetu. Hakuna aliyesema neno. Kisha likaondoka.

Binti alikuwa ameshaandika ubavuni mwa mti urefu wa kivuli alioutarajia. Kutoka Katesh mpaka Makka ni kama kilometa 2,900, ambayo ni nyuzi 26 na kidogo za mzingo wa dunia, kwa hiyo jua lilipaswa kuwa nyuzi hizo hizo kutoka utosini, na kivuli kiwe nusu ya mti. Saa 6 na dakika 18 fundi aliweka kigingi kwenye ncha ya kivuli na kupima: sentimita 49. Mzee mmoja ambaye ndiye aliyeshika dira siku ya kujenga msingi, alikuja akainama, akatazama kivuli, akatazama juu, akasema, "Jua halina upande, wanangu. Pimeni."

Uzi ukavutwa kutoka ncha ya kivuli, ukapita kwenye mti na kuendelea mbele. Ukaachana na ukuta wa msikiti kwa sentimita 49 katika kila mita 3. Hiyo ni nyuzi 9 na kidogo. Si sifuri, na si 20.

Sasa tulikuwa na mstari nje, na safu ziko ndani. Hapa ndipo kuhamisha kunapofanya kazi, ile mada fupi ambayo wanafunzi huipita haraka kwa kuona ni rahisi. Ukihamisha mstari bila kuuzungusha, mwelekeo wake haubadiliki. Kuta mbili za msikiti zinakwenda sambamba, kwa hiyo pembe tuliyoipima kwenye ukuta wa nje tuliichora vile vile kutoka ukuta wa ndani. Kisha safu. Safu inakata mstari wa kibla kwa nyuzi 90, hivyo kibla kikizunguka nyuzi 9, safu nayo inazunguka nyuzi 9. Safu yetu ina urefu wa mita 8. Ukiizungusha kwenye kitovu chake, kufuata saa, ncha ya kushoto inasogea mbele karibu sentimita 63 na ncha ya kulia inarudi nyuma karibu sentimita 63. Katikati haisogei kabisa. Imamu hakuhama kutoka mihrabuni. Aligeuka kidogo tu kulia.

Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa wale wazee. Hakuna aliyeambiwa mihrabu yake ivunjwe. Vijana nao hawakupata nyuzi 20 zao. Adhuhuri ilikuwa bado haijaingia, maana kwetu siku hiyo jua linafika katikati yake kama saa 6 na dakika 36. Fundi akapata muda wa kupiga uzi wa chaki wa safu ya kwanza, na adhana ilipotoka watu wakasimama juu yake. Safu moja, jamaa moja. Wale ndugu wawili walisimama mmoja huku na mwingine kule, lakini walisimama.

Tarehe 16 Julai tulipima tena, kwa kuwa binti aliniuliza kwa nini kuna siku mbili na si moja. Nilimwambia ahesabu kutoka kila siku hadi tarehe 21 Juni, siku ambayo jua hufika mwisho wa safari yake ya kaskazini na kuanza kurudi. Kutoka 28 Mei ni siku 24. Kutoka 21 Juni hadi 16 Julai ni siku 25. Akanyamaza kidogo, kisha akakunja kalenda kwenye tarehe 21 Juni kama anavyokunja karatasi, na siku mbili zikakaribia kulaliana. Jua linapita juu ya Al-Kaaba likienda, na linapita tena likirudi, na mhimili wa ulinganifu ni hiyo siku ya katikati. Kivuli cha Julai kiliangukia juu ya mstari wa Mei, kwa upana wa kidole.

Mama yake hakuniambia neno kuhusu duka tena. Muhula uliofuata alileta mwenyewe rula, bikari na kipimapembe, akasema ni vya watoto wote.

Baadaye walipokuja kutandika zulia jipya, walilikata kufuata mistari ile, na mbele upande wa kulia ikabaki pembetatu ndefu isiyofunikwa. Ndipo lilipowekwa kabati la misahafu.

Wabillaahi tawfiiq.